Faili halijabadilika, mbona linapakuliwa upya kila mara?

Bando la GB 10 nililojiunga Jumatatu saa mbili asubuhi lilikata Jumanne saa saba mchana, na sikuwa nimetazama hata video moja. Mlaji alikuwa skripti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiagiza kila saa ikaangalie kama faili fulani la takwimu limebadilika, zip ya MB 340 inayotolewa mara moja tu kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kurudi. Kumbe kila ikienda inalibeba faili zima, mara 29, na kuandika toleo lile lile juu ya toleo lile lile.

Nimeyapanga haya kwa dalili, kwa kuwa anayetafuta msaada wa jambo hili huja na dalili mkononi. Mifano ni ya curl na wget, programu za kupakua kwa kuandika amri, kwenye Linux.

Anza kwa kusikiliza seva inasema nini

Usiiguse skripti kwanza. Fungua teminali uandike:

```
curl -sIL https://example.com/data.zip
```

`-I` inaomba vichwa vya jibu tu (maelezo yanayotangulia faili) bila faili lenyewe, na `-L` inafuata anwani ikielekezwa kwingine. Bila `-L` unaweza kujikuta unasoma vichwa vya ukurasa wa kuelekeza, unadhani ni vya faili. Jibu zuri linafanana na hili:

```
HTTP/2 200
date: Tue, 14 May 2024 10:02:11 GMT
last-modified: Thu, 02 May 2024 05:00:01 GMT
etag: "66331dd1-1443fd00"
content-length: 340000000
accept-ranges: bytes
```

Saa zote hapo ni za GMT. Hiyo 05:00 ni saa mbili asubuhi kwa mtu wa Dar au Nairobi. ETag ni lebo ambayo seva inalibandika toleo la faili, na ndani ya alama zake za kunukuu inaweza kuwa na chochote. Hii ya mfano imeandikwa kwa mtindo wa nginx, programu ya seva ambayo huunganisha saa ya kubadilishwa na ukubwa wa faili kwa tarakimu za msingi wa 16. Ukiandika `printf '%d\n' 0x1443fd00` utapata 340000000, ukubwa ule ule wa hapo juu. Kwa nginx, basi, lebo haitokani na maudhui hata kidogo. Faili likiguswa tu saa yake ikabadilika, lebo nayo inabadilika hata kama ndani hakuna kilichoongezwa.

Sasa uliza kwa sharti. Unairudishia seva lebo uliyopewa mara ya mwisho kwa kichwa cha `If-None-Match`, au tarehe kwa `If-Modified-Since`. Ikiwa hakuna jipya, inajibu 304 na haitumi faili; likiwepo, inajibu 200 na kutuma faili zima. Ukituma vyote viwili, kanuni ya HTTP inasema lebo ndiyo isikilizwe, tarehe iachwe. Jaribu hivi:

```
curl -sI -H 'If-None-Match: "66331dd1-1443fd00"' https://example.com/data.zip
```

Nimeibakiza `-I` makusudi. Ombi la vichwa tu nalo huheshimu sharti, kwa hiyo jaribio likigoma hulipii MB 340 nyingine. Ukipata 304, seva haina tatizo, kosa liko kwako. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Dalili: kila mara jibu ni 200

Nianze na kosa langu la lile bando. Skripti ilikuwa na mstari huu:

```
curl -H "If-Modified-Since: $TAREHE" -o data.zip https://example.com/data.zip
```

`$TAREHE` ni tarehe ya faili lililoko kwenye diski, inayotumwa kama sharti. Lakini curl isipoambiwa, faili linalohifadhiwa hupewa saa ya kupakuliwa, si saa ya seva. Mimi nikawa natuma "14 Mei saa saba mchana" wakati seva inajua "2 Mei saa mbili asubuhi". Mtu angetarajia seva iseme faili halijabadilika tangu hiyo 14 Mei. Apache, programu nyingine ya seva, hufanya hivyo. nginx, kwa chaguo-msingi lake, inataka tarehe ilingane barabara na yake, hadi sekunde. Isipolingana, hata kama ni ya mbele zaidi, inatuma faili zima. Ndiyo maana mstari huo huo ulikuwa unafanya kazi vizuri kwenye seva nyingine na mimi sikuushuku. Dawa ni herufi moja:

```
curl -R -H "If-Modified-Since: $TAREHE" -o data.zip https://example.com/data.zip
```

`-R` inaliwekea faili la kwenye diski tarehe ya seva. wget hufanya hivyo yenyewe. Ila ukilinakili faili kwa `cp` bila `-p`, nakala inapata saa mpya na unarudi pale pale.

Kama unatumia lebo badala ya tarehe, angalia alama za kunukuu. Ni sehemu ya lebo. Ukiandika `-H "If-None-Match: "66331dd1-1443fd00""`, teminali inazimeza zile za ndani, na seva inapokea lebo iliyo uchi ambayo hailingani na kitu. Zungushia nje alama moja moja, kama nilivyofanya juu. Usiamini macho, endesha curl kwa `-v` usome mistari inayoanza na `>`: hicho ndicho kilichotumwa kweli.

Mshukiwa mwingine ni mgandamizo. Ukiweka `--compressed`, inayoomba jibu lililogandamizwa, Apache yenye mod_deflate (kiongezi chake cha kugandamiza) inaweza kuongeza `-gzip` mwishoni mwa lebo. Wewe unairudisha kama ulivyopewa, yeye anailinganisha na lebo isiyo na mkia huo, anakuta hazifanani, anakutumia 200. Anakukana kwa lebo aliyokupa mwenyewe! Tatizo hili ni la miaka mingi. Kwa zip, ambayo imeshagandamizwa, `--compressed` haikusaidii kitu, iondoe. nginx yenyewe ikigandamiza papo hapo huanzisha lebo kwa `W/`, maana yake ni lebo dhaifu, na hiyo haina shida kwa kazi yetu.

Ikiwa lebo inabadilika kila ukiuliza, rudia `curl -sI` mara tano ukiangalia mstari wa etag tu. Zikizunguka lebo mbili au tatu zile zile, nyuma ya jina hilo kuna seva kadhaa, na kila moja inatengeneza lebo yake. Apache za kabla ya 2.4 zilikuwa zinaingiza namba ya inodi (namba ya faili kwenye diski ya mashine hiyo) ndani ya lebo, na namba hiyo kwa kawaida haifanani kati ya mashine mbili. Mwenye seva anaweza kuandika `FileETag MTime Size` yakaisha. Wewe wa nje tumia tarehe.

Halafu kuna kosa la sisi tunaoiweka kompyuta kwa Kiswahili. Niliwahi kuitengeneza tarehe ya sharti kwa amri ya `date`, nayo kwa utiifu ikaandika siku na mwezi kwa Kiswahili. Seva inayopokea tarehe isiyoielewa hailalamiki. Inalipuuza sharti kimya kimya na kukupa faili zima. Iandike hivi:

```
LC_ALL=C date -u -r data.zip '+%a, %d %b %Y %H:%M:%S GMT'
```

Hiyo `-u` usiisahau. Ukichukua saa ya hapa ukaibandika neno GMT, unakuwa umejiweka saa tatu mbele, na mabadiliko yanayotokea ndani ya saa hizo tatu huenda usiambiwe.

Mwisho wa kundi hili: ukiona `last-modified` inafanana na `date`, sekunde kwa sekunde, kila unapouliza, faili linatengenezwa upya papo hapo kwa kila anayeliomba. Hapo hakuna sharti litakalokusaidia. Ruka hadi sehemu ya "Seva haina ETag wala tarehe".

Dalili: baadhi ya mafaili yanapakuliwa upya, mengine yanatulia

Hii ilinitesa siku nzima. Folda moja, seva moja, amri moja ya `wget -N`, na karibu nusu ya mafaili yanapakuliwa kila siku. Nilikuwa nayahifadhi kwenye flashi ya FAT32. FAT inahifadhi saa ya kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili mbili, haijui sekunde za witiri. Faili la 05:00:00 linabaki sawa, la 05:00:01 linaandikwa 05:00:00, na kesho yake seva inaona lako ni la zamani kwa sekunde moja. Hamishia folda kwenye diski ya kawaida ya Linux, au tumia lebo badala ya tarehe. Kwa rsync, programu ya kusawazisha mafolda, dawa ipo tayari, `--modify-window=1`. Na tukiwa kwenye rsync: ukiitumia kwa `-r` peke yake bila `-t`, tarehe hazihifadhiwi, na kila safari inaanza upya kuyashughulikia mafaili yote. Andika `-a`.

Dalili: 304 kila siku, na kumbe faili limebadilika

Hii ni mbaya kuliko ya bando, kwa sababu haionekani. Unafanya kazi na takwimu za mwezi uliopita ukidhani ni za leo.

Angalia kwanza kichwa cha `age`. Kikiwepo, unayezungumza naye ni kache iliyo njiani, si seva yenyewe, na namba hiyo ni sekunde ambazo nakala imekaa hapo. `age: 41200` ni zaidi ya saa 11. Soma na `cache-control`: `max-age` inakuambia nakala inaruhusiwa kukaa muda gani. Mafaili ya raw.githubusercontent.com, kwa mfano, hukaa sekunde 300, kwa hiyo anayesukuma mabadiliko na kuyatafuta dakika hiyo hiyo atakosa na hakuna kilichoharibika. Kuongeza `?x=1` mwishoni mwa anwani mara nyingi kunaipita kache, lakini fanya hivyo kwa kupima tu. Ukikufanya kuwa kawaida, unamtwisha mwenye seva mzigo ambao kache iliwekwa kuuondoa.

Sababu ya pili ni faili lililorudishwa nyuma. Wamegundua toleo la Mei lina makosa, wamerudisha la Aprili, likiwa na tarehe yake ya Aprili. Wewe unauliza "kuna jipya tangu 2 Mei?" na Apache inajibu hapana. Hapa ule ukali wa nginx ulionimalizia bando ndio unaokuokoa, maana tarehe hazilingani na utaletewa. ETag nayo inalikamata. Hii ndiyo sababu mimi nikipewa vyote viwili huchukua lebo.

Ya tatu ni ya kwako: lebo imehifadhiwa, faili halikukamilika. Umeme umekatika katikati ya upakuaji. Lebo huja na vichwa, mwanzoni kabisa, kwa hiyo tayari iko kwenye diski. Kesho skripti inaonyesha lebo, seva inasema "unalo tayari", nawe una nusu faili ambalo halitatengenezwa kamwe. Lebo lazima iwe ya faili lililopo na zima. Skripti ya mwisho huko chini imejengwa kwa ajili ya hili.

Dalili: faili limekuwa tupu, baiti 0

Tazama kama uliandika `>` pamoja na `-z`, inayoifanya curl itume tarehe ya faili la kwenye diski kama sharti:

```
curl -z data.zip https://example.com/data.zip > data.zip
```

Teminali hulifuta `data.zip` kabla curl haijaanza kazi. curl inakuta faili tupu lenye tarehe ya sasa hivi, inauliza kwa tarehe hiyo, inajibiwa 304, na huna kitu. Tumia `-o`, curl ikipata 304 hailigusi faili lililopo.

Kwa Python yenye maktaba ya requests kosa ni hilo hilo kwa mlango mwingine. `raise_for_status()` hulalamika kuanzia 400 kwenda juu, kwa hiyo 304 inapita salama, na mstari unaofuata unaandika `r.content` tupu juu ya faili zuri. Weka `if r.status_code == 304` kabla ya kufungua faili kwa kuandika.

Dalili: faili limebadilika, lakini ukilifungua si lenyewe

Ukubwa ni KB chache na `file data.zip` inajibu kwamba ni HTML. Umehifadhi ukurasa wa kosa. `-f` inaifanya curl ikatae majibu ya 400 na kuendelea. Haikusaidii kwenye Wi-Fi ya hoteli au mkahawa inayokupa ukurasa wa kuingilia kwa jibu la 200. Dhidi ya hiyo tumia anwani ya https, na uifungue zip kwa `unzip -t` kabla ya kuikubali.

Dalili: kuomba vichwa kunakataliwa, kupakua kunakubali

Seva inajibu 403 au 405, yaani imekataa, kwa `-I`. Viungo vya S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon) vilivyotiwa saini huwa hivi: saini imefungwa kwa ombi la kupakua, na haifai kwa ombi la vichwa. Omba baiti moja:

```
curl -s -r 0-0 -D - -o /dev/null 'ANWANI'
```

Jibu likiwa 206, umepata vichwa vyote kwa bei ya baiti moja. Likiwa 200, seva imepuuza ombi la kipande na inakumwagia lote. Bonyeza Ctrl+C haraka. Na usijaribu kulinganisha ETag ya S3 na `md5sum` (amri inayokokotoa MD5, alama ya maudhui ya faili) ukiona ina kistari na namba mwishoni, kama `-12`. Faili lilipandishwa kwa vipande, na lebo hiyo si MD5 ya faili zima.

Dalili: wget -N haifanyi lolote

Umeweka `-O` pia. Haziendi pamoja, na wget yenyewe hukuonya, ila onyo humezwa na `-q`. Ondoa `-O`, ingia kwenye folda unayotaka, acha faili lichukue jina lake. Ikikuambia kwamba kichwa cha Last-modified hakipo, soma sehemu inayofuata.

Seva haina ETag wala tarehe

Tafuta kama kando ya faili kubwa kuna dogo. Geofabrik, wanaotoa ramani za OpenStreetMap za nchi mbalimbali na kuzihuisha kila siku, huweka `tanzania-latest.osm.pbf.md5` pembeni ya ramani yenyewe. Ramani ya Tanzania ni mamia ya megabaiti. Lile dogo ni mstari mmoja. Lipakue, linganisha na la jana, na ukimaliza kupakua ramani lina kazi ya pili ya kukuhakikishia imefika nzima. Ningependa kila anayetoa takwimu za umma afanye hivi.

Kama halipo na faili ni zip, kuna ujanja ninaoupenda. Orodha ya yaliyomo ndani ya zip hukaa mwishoni mwa faili, na kwa kila kilichomo inataja ukubwa na namba ya CRC-32 inayokokotolewa kutokana na maudhui. Basi chukua mkia tu:

```
curl -s -r -65536 https://example.com/data.zip | sha256sum
```

KB 64 badala ya MB 340. Matokeo yakitofautiana na ya jana, pakua. Inahitaji seva yenye `accept-ranges: bytes`. Kulinganisha `content-length` peke yake nakuachia mwenyewe. Mimi siuamini, kwa kuwa tarakimu moja ikisahihishwa ndani ya jedwali lisilogandamizwa, ukubwa haubadiliki.

Skripti ninayotumia sasa

Inahitaji curl 7.68 au ya baadaye, ndiyo iliyoanza kuhifadhi lebo yenyewe.

```
#!/bin/sh
cd /srv/takwimu || exit 1
rm -f data.zip.mpya data.etag.mpya
[ -s data.zip ] || rm -f data.etag
curl -fsSL --etag-compare data.etag --etag-save data.etag.mpya \
  -o data.zip.mpya https://example.com/data.zip || exit 1
if [ -s data.zip.mpya ] && unzip -tq data.zip.mpya; then
  mv data.zip.mpya data.zip && mv data.etag.mpya data.etag
fi
```

Mstari wa nne unaitupa lebo ikiwa faili lenyewe halipo. Jina la `.mpya` linazuia nusu faili lisikae mahali pa zima, na lebo haihamishwi mpaka zip imepimwa. Kwenye cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, nimeiweka `17 5 * * *`, mara moja kwa siku. Dakika ya 17 ni kwa sababu dakika ya 0 ndiyo kila skripti duniani hubisha hodi. Siku isiyo na jipya inanigharimu KB chache.